Gari Liangalie Geti

Zulia la gari likilowa, likakauka, likalowa tena, hupata harufu yake, na aliyewahi kuishi nayo hahitaji kuelezwa. Si harufu ya mvua. Ni ya soksi na ya gunia la viazi lililosahaulika stoo, na chini yake kuna utamu fulani unaokera. Majuzi nilifungua mlango wa gari langu nyumbani kwa Baba, Thika, harufu hiyo ikanipiga usoni, na kabla sijafikiri chochote macho yangu yalikwenda kiti cha mbele kumtafuta Idi. Idi ni mdogo wangu. Ni mwanamume mwenye ndevu na watoto, anaishi Isiolo, na hajawahi kupanda gari langu hata siku moja.

Nyinyi wa rika langu mtayakumbuka magari yale ya familia yenye mgongo mrefu, ambayo ungepakia kitanda na mbuzi nyuma na bado shangazi akapata pa kukaa. Baba alikuwa nalo moja, la rangi ya chai yenye maziwa mengi, na lilifika kwetu likiwa tayari mzee. Alibebea mapazia ya mitumba aliyouza soko la Ruiru. Nyuma ya kiti chake hakikukosekana birika la plastiki la kutawadhia, kwa sababu Baba hakupenda swala imkute njiani akitafuta mfereji. Mama, aliyezaliwa Wanjiru kule Mugutha na akawa Maryam alipoolewa, alimwambia ipo siku polisi watalifungua hilo birika wakitafuta pombe ya chang'aa. Baba alikuwa akimjibu kwamba watakuta maji, wanywe, wapate thawabu.

Lakini kazi ya kweli ya lile gari ilikuwa kumkimbiza Idi. Alikuwa na pumu mbaya. Angekuwa anacheza na vifuniko vya soda uani, mara kifua kinaanza kupiga filimbi, mabega yanapanda, na ngozi ya kati ya mbavu inavutwa ndani kila akihema. Hospitali zilikuwepo Thika, sikatai, ila daktari aliyemjua Idi na kifua chake alikuwa na kliniki Ruiru, na alikuwa na ile mashine ya kuvuta mvuke wa dawa. Betri ya gari ilikuwa hafifu, ya kuombewa dua. Ua wetu unateremka kuelekea getini, na umelala kidogo upande wa kushoto, kule mto Chania uliko. Basi Baba akaweka sheria ambayo hakuna aliyeivunja: gari liangalie geti. Kila jioni aliliingiza kinyumenyume, pua ikitazama barabara, nalo likazuiwa kwa jiwe chini ya gurudumu. Idi akibanwa, Mama alimbeba kiti cha mbele, Baba akashika usukani, na mimi nikavuta jiwe. Gari liliteremka lenyewe, likakohoa, likawaka kabla ya kufika barabarani. Hamadi kibindoni, Baba alipenda kusema, na alikuwa na haki ya kusema.

Maji yalianza kuingia wakati wa mvua za masika. Asubuhi moja Mama aliweka miguu kwenye sakafu ya upande wake, akaiinua haraka. Zulia lilikuwa limeloa chepechepe. Baba alidhani kioo kilisahauliwa wazi. Akalianika zulia ukutani, akalirudisha, mvua ikanyesha, likalowa tena, upande uleule wa abiria, mahali palepale miguu ya Mama ilipokaa akiwa amempakata Idi. Baada ya muda mfupi kukaota ukungu wa kijivu chini ya kiti, na ile harufu ikahamia humo.

Siku moja tukiwa njiani kwenda Ruiru, vioo vyote vilikuwa vimefunga ukungu na matone yakishuka. Nilikuwa nyuma kati ya mapazia. Nikamuuliza Mama, "Haya maji yanatoka wapi?"

"Ni pumzi," Mama akasema bila kugeuka. Alikuwa akifuta kioo kwa ncha ya leso ili Baba aone barabara. "Watu wakipumua kwa gari imefungwa, pumzi inageuka maji."

Hakusema uongo. Lakini mtoto ukimpa nusu ya jambo, nusu nyingine atajipikia. Pumzi inageuka maji. Idi ndiye aliyepungukiwa na pumzi. Maji yalikuwa yamejaa miguuni pa Idi. Nikaona wazi kabisa, na nikashangaa watu wazima hawaoni: pumzi zake zilikuwa zinamtoka na kubaki kwenye gari, ndiyo maana akifika kwa daktari hana. Kuanzia siku ile, kila Baba alipotoa zulia nilichukua kitambaa, nikapiga magoti, nikayanyonya maji ya sakafuni na kuyakamulia ndani ya chupa ya juisi. Niliificha nyuma ya gunia la makaa. Niliamini ipo siku atazihitaji zote kwa pamoja.

Daktari naye alikuwa na hesabu zake. Alimuuliza Mama kama nyumba yetu ina unyevu. Mama akasema hapana, nyumba ni kavu, sakafu ya simiti, anapiga deki na kufungua madirisha. Daktari akatusindikiza nje, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akafungua mlango wa abiria, akainama kunusa. Alipoinuka hakumtazama Mama. Alimtazama Baba.

"Mzee, huyu mtoto anakuja kwangu akivuta hii njia yote?"

Baba alikuwa na kofia yake ya kitambaa mkononi, akawa anaizungusha. "Nitayapata hayo maji, daktari. Nipe muda."

"Hiki kifua hakina muda. Kama kuna mtu wenu anaishi mahali pakavu, mpelekeni huko."

Alikuwepo. Shangazi Halima, dada mkubwa wa Baba, aliishi Isiolo, ambako mvua ni habari ya kupigiana simu. Njia nzima hakuna aliyemtaja. Lakini tangu siku hiyo nilijua kwamba Baba anatafuta maji ili Idi abaki nyumbani, na kwamba asipoyapata Idi ataondoka.

Baba alianza na magazeti ya zamani. Aliyatandaza sakafuni usiku unapoingia, asubuhi akachungulia ni lipi limelowa kwanza. Akatia poda ya mtoto chini ya dashibodi ili maji yakishuka yaache njia yake. Poda ilimfanya Idi akohoe hadi tukakimbizana tena Ruiru, na njia iliyoachwa na maji ilianzia mahali pa giza ambapo jicho halifiki. Akayeyusha lami kwenye kopo, akapaka kila mshono wa bati aliouona. Akapaka milango. Akapaka pembe za kioo. Gari likaonekana kama mtu aliyejikata akinyoa. Mvua ikanyesha na gazeti likalowa.

Ndipo tukalipeleka kwa Karis, fundi mmoja wa Makongeni mwenye uwanja wa kokoto ulionyooka kama sinia. Karis alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Alitoa raba yote ya kioo cha mbele, akatia mpya, akaomba mtu mdogo aingie ndani na tochi. Mtu mdogo nilikuwa mimi. Nililala chali kwenye sakafu, kichwa kikiwa pale miguu ya Mama inapokaa, na Baba akasema bismillahi, Karis akafungulia mpira wa maji juu ya gari. Ndani palikuwa na ngurumo. Nilimulika kila pembe. Nilingoja tone kwa hamu ambayo siwezi kuieleza vizuri, kwa sababu nilitaka Baba apate alichokuwa akitafuta, na wakati huohuo nilijua hatapata, kwa kuwa Idi hakuwa ndani ya gari.

"Unaona nini?" Baba aliuliza kupitia kioo.

"Hakuna kitu."

"Angalia vizuri."

Niliangalia vizuri. Palikuwa pakavu.

"Mzee, hii gari iko sawa," Karis akasema akifunga maji. "Mi nimemwagia mpaka tangi imeisha. Sasa maji ipitie wapi?" Akachungulia ndani, akaona birika nyuma ya kiti. Akacheka, si kwa ubaya. "Haiya. Si ndio hii? Gari ya mtu wa kuomba mara tano lazima ilowe, mzee wangu. Hii birika inamwagika kwa kona."

Baba hakubisha. Alilichukua birika akaliweka mapajani mpaka nyumbani, na tulipofika alilipeleka jikoni likakaa dirishani. Baba ambaye hakuwahi kuichelewesha swala akaanza kuswali alasiri ukingoni, akirudi kutoka sokoni amefunga mapazia haraka. Mama alimwangalia hivyohivyo. Alikuwa anaweza kumtania Baba kwa jambo lolote duniani, na hilo hakuligusa. Kisha mvua ikanyesha, na zulia likalowa bila birika.

Shangazi Halima akaja bila kuitwa, au labda Mama alimwita. Alikuwa mwanamke mrefu aliyenukia udi na vumbi la safari. Alimsikiliza Idi akilala, sikio kifuani, kisha akatoka uani alikokuwa Baba.

"Nipe mtoto, Musa. Kule kwangu hata nguo haina wakati wa kulowa."

"Mtoto hana shida. Shida ni gari."

"Basi uza gari."

"Nikiuza, siku kifua kikibana nitambeba na nini? Na pazia?"

"Akiwa Isiolo hutahitaji kumkimbiza."

Baba aligeuka. Alilizunguka gari, akagusa raba mpya ya Karis, akagusa lami yake mwenyewe. Mwishowe akaomba kitu kimoja, na aliomba kama mdogo anavyomwomba mkubwa wake: mvua moja. Ikinyesha na gari likabaki kavu, Idi abaki. Likilowa, aondoke naye. Shangazi akakubali, nafikiri kwa huruma.

Mvua ilikuja mchana, baada ya kutwa ya joto, nene, ya kuziba masikio. Gari lilikuwa mahali pake, likiangalia geti. Tulikaa mlangoni wote, Idi mapajani mwa Baba akihesabu mapovu yanayopasuka uani na kukosea kila mara. Ilipokatika Baba alisimama lakini hakwenda. Akaniambia, "Zuhura, wewe mkono wako ni mdogo. Ingiza pale chini uvute gazeti."

Nikaenda. Gazeti halikuvutika, lilikatika vipandevipande mkononi. Niliyarudisha makaratasi yote niliyoweza kushika, maji yakinitiririka hadi kwenye kiwiko, nikampa Baba kwa sababu sikujua mtu mwingine wa kumpa. Aliyapokea. Akajaribu kuyakunja pembe kwa pembe kama gazeti ambalo mtu bado anataka kulisoma. Nimewaona watu wakilia, na mimi mwenyewe nimelia vya kutosha, lakini sijawahi kumwonea mtu uchungu kama niliomwonea Baba na yale makaratasi.

"Umpakie na sweta," akamwambia Shangazi. "Asubuhi kule hakuna baridi?"

"Hakuna baridi, Musa."

"Umpakie tu."

Tulikwenda stendi ya basi kwa miguu. Baba hakutaka Idi aguse lile gari tena. Alimbeba mabegani, na Idi akafurahi sana, akipiga ngoma kwenye kofia ya Baba, kwa kuwa hakuna aliyemwambia anakwenda kukaa. Mimi nilikuwa na chupa yangu ndani ya gauni. Walipokwisha kupanda nikajipenyeza hadi chini ya dirisha lao, nikainyoosha juu. "Hizi ni pumzi zako," nikamwambia. "Zikikuishia, kunywa."

Idi aliipokea kwa mikono miwili. Shangazi akaichukua, akafungua, akanusa. "Subhanallah. Haya ni maji ya mtaro." Akatoa mkono dirishani akayamwaga. Yalichukua muda kuisha, yalikuwa mengi. Yakapita chini ya gurudumu, yakaingia vumbini. Idi akarudishiwa chupa tupu, akaipungia.

Sikulia, kwa sababu niliona jambo lenyewe limekwisha kuwa kubwa kuliko kilio. Nilijua, kwa ule uhakika wa mtoto, kwamba Idi hatafika. Jioni simu ikapigwa kwenye duka la jirani: amefika, amekunywa maziwa ya ngamia, amelala bila filimbi. Sikuamini mpaka nilipomsikia mwenyewe.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kilichonitesa miaka yote. Idi alipoondoka, maji yalikoma. Hayakupungua, yalikoma kabisa. Mvua za vuli zilinyesha na gazeti likabaki kavu, hata herufi zake hazikuchuja wino. Baba aliendelea kutandaza na kuangalia, na kila asubuhi alirudi ndani na gazeti kavu mkononi, akionekana kuwa na huzuni zaidi. "Si limekauka," Mama akamwambia. "Ngai, si ndiyo ulitaka?" Baba akasema ndiyo, ndiyo alitaka.

Akapiga simu Isiolo, akasema gari limepona, mtoto aje likizo. Idi akaja, amenawiri, mashavu yamejaa. Tulikuwa na furaha ya siku chache tu. Baba, kwa hofu ya kifua, akalirudisha gari mahali pake pa zamani. Mvua ikanyesha, asubuhi zulia limelowa, na jioni Idi anapiga filimbi. Jirani mmoja alisema nyumba nyingine hukataa mtoto, Mama akamfungia geti usoni. Mimi sikuhitaji jirani. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba maji yanakuja na Idi na kuondoka na Idi. Baba alimrudisha Isiolo mwenyewe, na hakuomba tena arudi kukaa.

Idi alikulia kule. Anaongea Kiborana vizuri kuliko sisi tunavyoongea Kiswahili, anafundisha shule, anakimbia mbio za asubuhi, mtu wa pumu. Akija Idi huleta mbuzi na hukaa ukingoni mwa kiti kama mgeni mwenye adabu. Kwenye simu humwita Shangazi Halima Mama, na mama yetu humwita Mama wa Thika. Mama huitika vizuri tu. Kisha huenda jikoni.

Mwezi huu moyo wa Baba ulianza kuyumba, nikatoka Mugutha ninakoishi, nikaenda kukaa nao. Gari langu ni kuukuu pia, lakini kwangu Mugutha, kwenye ua ulionyooka, halijawahi kuingiza tone. Nilipofika Thika niliingia kinyumenyume bila kufikiri, pua ikaangalia geti, kwa kuwa moyo wa mzee hauna miadi. Hata jiwe lilikuwepo. Ikanyesha mfululizo. Na ndipo asubuhi ile nikafungua mlango nikakutana na harufu, na zulia la upande wa abiria limelowa.

Nilishikwa na hasira za zamani. Nilifungua boneti, nikang'oa plastiki iliyo chini ya wipa. Pale chini kuna kijifereji kinachopokea maji ya mvua kutoka kwenye kioo, na kila mwisho wake kuna tundu la kuyateremsha chini. Tundu la kulia lilikuwa safi. La kushoto lilikuwa limezibwa na maua ya jakaranda la jirani, lililokuwepo tangu utoto wetu, yaliyooza yakawa tope jeusi. Nikachukua jagi jikoni, nikamwaga maji katikati. Yote yalikwenda kushoto. Yalijaa pale, yakapanda, yakaingia kwenye tundu la hewa, nikayasikia yakidondoka ndani.

Niliinua macho nikaona geti, nikaona mteremko, nikaona jinsi ua ulivyolala upande wa Chania. Kwa Karis palikuwa pamenyooka, maji yakatokea kulia. Idi alipoondoka, Baba aliacha kulielekeza gari getini. Alilisogeza gari juu, kando ya jikoni, kwenye usawa, na asubuhi majirani wakamsukumia. Alisema halina pa kukimbilia. Idi alipokuja likizo, akalirudisha mteremkoni. Hakukuwa na pumzi, wala mkosi. Tulikuwa tumeliweka gari tayari kumwokoa mtoto, na kumbe ni kule kuliweka tayari ndiko kulikoliingiza maji.

Nilikuwa nimesimama na lile tope kiganjani Baba alipotokea mlangoni na fimbo yake.

"Limeingiza maji?"

"Kidogo, Baba."

"Upande wa abiria?"

"Ndiyo."

Nilimsikia akivuta pumzi, fupifupi, kama siku hizi anavyovuta. "Umeona yanapopitia?"

Nikafumba kiganja. Tope likanitoka kati ya vidole. Nilikuwa na jibu alilolitafuta kwa magazeti, kwa poda, kwa lami, alilolitolea birika lake na mwanawe, na lilikuwa jibu ambalo lingemuua.

"Sijaona."

"Huwezi kuyaona," akasema, na sauti yake ilikuwa na ahueni fulani, kama mtu aliyeambiwa kwamba hata wengine wameshindwa. "Mimi niliyatafuta sana."

"Najua, Baba."

Akageuka kuingia ndani, kisha akasimama, akanyoosha fimbo kuelekea kwenye gari langu. "Lakini usiligeuze. Liangalie geti."

Nikamwambia sawa. Nikalitupa tope upande wa pili wa ua, nikajifuta mkono kwenye leso, nikatandaza gazeti sakafuni mbele ya kiti cha abiria. Halafu nikainama, nikalisukuma jiwe chini ya gurudumu mpaka likakaza.